Meli Inapoketi Juu ya Magogo

Mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, nilichukuliwa kibarua katika chelezo kimoja cha Mombasa, mahali pa kutengenezea meli zikiwa nje ya maji. Nilipewa chuma bapa cha kukwangulia, kofia ngumu na buti zilizonizidi vidole viwili, nikaambiwa niteremke ngazi za ukutani hadi sakafuni, mita kumi hivi chini ya usawa wa gati. Juu ya kichwa changu ilikuwa imeketi meli ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya mita mia moja, tumbo lake likidondosha maji ya bahari, na tumbo lenyewe limeota kila kitu: majani ya kijani mithili ya nywele, vijumba vyeupe vya viumbe wenye magamba makali walioshikana kama saruji, na chaza waliokuwa bado wanafunga na kufungua vinywa. Tulikwangua siku mbili, na harufu yake haikunitoka kwa wiki nzima. Nilidhani kazi ya chelezo ndiyo hiyo: kutoa maji, kukwangua, kupaka rangi, kurudisha maji. Nilikaa miaka kadhaa ndipo nikaelewa kwamba sehemu ngumu ya kazi ilikuwa imekwisha kabla mimi sijakanyaga hata kipandio kimoja cha ngazi ile.

Chombo kilichotolewa majini hakikuwa kitu kigeni kwangu. Upande wa mama yangu ni watu wa Lamu, na likizo nyingi za utotoni nilizipitisha Matondoni, kijiji kinachojulikana hadi leo kwa mafundi wake wa majahazi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Jahazi lilipohitaji kuangaliwa tumbo, alisubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, akalisogeza hadi karibu na nchi kavu wakati maji yamejaa, akalitia gadi, yaani miti ya kulitegemeza, pande zote mbili, kisha akaiachia bahari ifanye yaliyobaki. Maji yakishakupwa, jahazi lilibaki limesimama juu ya mkuku wake, ule uti wa chini kabisa, nasi tulikuwa na saa chache tu za kukwangua, kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na kupaka deheni ya chokaa na mafuta sehemu za chini ili mdudu anayetoboa mbao asipate njia. Lakini kabla ya hayo yote mjomba alikuwa na swali ambalo hakuacha kuliuliza: “Ndani mna nini?” Alitaka kujua farumi, yaani uzito wa kulisawazisha jahazi, iko wapi, kama maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, yamefutwa, kama kuna pipa lililosahauliwa upande mmoja. Wakati huo niliona ni ukaidi wa watu wazima.

Neno chelezo linabeba mitambo mitatu ambayo haifanani. Kipo cha reli, ambapo meli huvutwa juu ya mteremko unaoingia majini. Cha Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Mwanza yenye urefu wa mita 92.6 ilijengwa na kushushwa ziwani mwaka 2023, ni cha aina hiyo. Kipo kinachoelea, ambacho kwa hakika ni sanduku kubwa la chuma lenye kuta mbili: hujazwa maji likazama, meli ikaingia katikati ya kuta, kisha maji yakapigwa pampu nje na sanduku likapanda likiwa limeibeba meli mgongoni. Na kipo cha shimo, lililochimbwa nchi kavu kando ya bahari na kujengwa kwa mawe au zege, ambacho ndicho nilichokulia kikazi. Miaka mingi baadaye nilipokwenda Omani kwa mkataba, niliviona viwili vya namna hiyo hiyo pale Duqm, vilivyoanza kazi mwaka 2011, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 410, upana wa kimoja mita 95 na wa kingine 80. Chelezo chetu kingewekwa ndani ya kimoja wapo kingepotea. Hata hivyo, kilichofanyika huko ni kile kile tulichofanya Mombasa, ila kwa vipimo vingine.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote katika chelezo cha shimo ni mlango wake. Si mlango wenye bawaba. Ni chombo kamili, sanduku la chuma linaloelea, ambalo huvutwa kwa kamba hadi mdomoni mwa chelezo, likajazwa maji tumboni na kuzama taratibu ndani ya mfuo uliochongwa ukutani na sakafuni. Mwanzoni hulegalega, na ukisimama karibu unasikia maji yakipenya kandokando. Lakini pampu zikishaanza kutoa maji ya ndani, maji ya bahari yaliyobaki nje yanausukuma mlango kwa uzito wake wote na kuubana dhidi ya ukingo, na kadiri ndani kunavyokauka ndivyo unavyozidi kukaza. Hakuna komeo wala bolti inayoushikilia. Adui ndiye mlinzi. Tukitaka kuufungua, tunarudisha kwanza maji ndani hadi yalingane na ya nje, kisha tunapiga pampu maji ya tumboni mwa mlango, nao unaelea wenyewe.

Baada ya miaka mitatu ya kukwangua na kupaka rangi, serahangi, yaani msimamizi wetu wa kazi, alinipeleka kwa mkuu wa chelezo, mzee mmoja mtaratibu ambaye hakupata kupaza sauti, nami nikawa msaidizi wake wa kupanga magogo. Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe. Kila meli ina mchoro wake wa chelezo unaoonyesha umbo la tumbo, mahali pa mataruma, yaani mbavu za meli, na kuta za ndani, na mahali pote ambapo gogo halipaswi kugusa: matundu ya kuingizia maji ya bahari, vizibo vya matangi, na vyombo vya kupimia kina. Kwa kufuata mchoro huo tunapanga safu ya magogo ya mkuku katikati ya sakafu, kila gogo likiwa na zege chini, mbao ngumu katikati na mbao laini juu, kwa sababu kama lazima kitu kivunjike tunataka ivunjike mbao, si bamba la meli. Kisha tunapanga ya ubavuni kushoto na kulia. Tunayapima kwa uzi na pima maji, tunarudia, na mzee alirudia mwenyewe mara ya tatu, kwa sababu yote hayo hufanywa wakati chelezo ni kikavu na meli bado iko nje. Maji yakishaingizwa, hakuna jicho litakaloyaona magogo yale tena isipokuwa la mzamiaji, naye katika maji ya vumbi ya bandarini huona kwa vidole.

Meli nayo ina maandalizi yake. Inatakiwa ije nyepesi, imesimama wima bila kulala upande, na imezama kidogo zaidi tezi, yaani nyuma, kuliko omo, yaani mbele. Matangi yawe ama yamejaa kabisa ama matupu kabisa, na karatasi ya vipimo vya kila tangi ikabidhiwe chelezoni kabla mlango haujafungwa. Sababu yake nilielezwa na mzee kwa kutumia glasi ya chai na sahani, lakini sikuielewa mpaka iliponipata.

Meli inayoelea hujisimamisha yenyewe. Ikilazwa kidogo, maji huirudisha. Meli iliyoketi juu ya magogo yote, na ya ubavuni yamekwisha kubanwa, haiwezi kwenda popote. Hatari iko katikati. Maji yanapoteremka, tezi hugusa gogo la nyuma kwanza, na kuanzia hapo sehemu ya uzito wa meli hubebwa na gogo badala ya maji. Nguvu ile inayosukuma juu kutoka chini ya mkuku ni sawa na kuondoa uzito katika sehemu ya chini kabisa ya meli, na chombo chochote kikipunguziwa uzito wa chini huwa chepesi kupinduka. Kila sentimita ya maji inayotoka inaongeza nguvu hiyo, mpaka omo nayo iketi. Kama katika muda huo kuna tangi lenye maji nusu, maji yale hukimbilia upande wowote ambao meli imeinama, na kuuongezea uzito upande huo huo. Mambo mawili ambayo kila moja peke yake linavumilika, yakikutana hayavumiliki.

Mwaka 2004 ilikuja meli ya mizigo iliyochelewa siku mbili. Ilifika jioni, maji yamejaa na karibu kuanza kupwa, wakala wa mwenye meli yuko gatini na simu sikioni, na kila mtu alitaka mlango ufungwe kabla ya saa tatu usiku. Kazi yangu ilikuwa kupanda melini na kuhakiki karatasi ya matangi. Afisa wa kwanza wa meli alinikabidhi karatasi safi iliyopigwa chapa, nikamwuliza kuhusu matangi ya maji ya uzito, naye akajibu kwamba yote ni matupu. Utaratibu wetu ulikuwa kusimama na baharia anapoteremsha fimbo ya kupimia katika kila bomba la tangi na kuiona fimbo inavyotoka. Niliiona ikitoka kavu katika matangi manne. Mengine sikuyasubiri. Nilitia sahihi.

Mlango ulifungwa, pampu zikaanza, na mzee akasimama katikati ya ukuta wa mwisho akiwa ameuelekeza uso wake kwenye mlingoti wa meli. Mzamiaji alitoa ishara kwamba tezi imegusa. Maji yaliteremka kidogo tu baada ya hapo, labda kiasi cha kina cha ndoo, nami nikaona kamba za kulia zikikaza na za kushoto zikilegea. Meli ilikuwa inalala kushoto, polepole mno, bila kelele yoyote. Mtu aliyekuwa akivuta sigara kwenye sitaha hata hakugeuka. Mzee aliinua mkono. Pampu zilizimwa, milango ya maji ikafunguliwa, bahari ikarudi ndani, na baada ya dakika ambazo sikuzihesabu meli ikajinyanyua kutoka kwenye gogo na kusimama tena. Tulipopima matangi yote upya, mbele ya macho yake safari hii, tangi moja la upande wa kushoto lilikuwa na maji karibu nusu. Mtu fulani alikuwa amelijaza njiani ili kusawazisha meli na hakuandika.

Tulipoteza usiku mzima. Asubuhi mzee aliniita ofisini, akanionyesha sahihi yangu.

“Uliuliza, mwanangu?”

“Niliuliza, mzee. Akaniambia matupu.”

“Kwa hiyo uliuliza, lakini hukupima.”

Hakuniandikia barua wala hakunikata mshahara, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi kulibeba. Kwa miezi mingi baada ya hapo nilikuwa nikiota kamba zinazolegea. Na mara ya kwanza nilipokwenda Matondoni baada ya tukio lile, nilimsimulia mjomba, naye akatafuna tambuu yake kwa muda, akaniuliza, “Ndani mlikuwa na nini?” kana kwamba hakunisikia nikieleza.

Meli ikishaketi na sakafu kukauka, ndipo mafundi huteremka, na kwa mwenye meli saa ya gharama huwa imeshaanza kugonga. Kwa mikataba ya kimataifa, tumbo la meli ya mizigo hukaguliwa angalau mara mbili katika kila miaka mitano, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite miezi 36. Kwa hiyo kila kitu ambacho hakifikiki majini husubiri siku hizi chache. Minyororo ya nanga hushushwa na kulazwa sakafuni kwa vipande vya mita 27.5, na kila pingili hupimwa unene; iliyolika kupita asilimia 12 hubadilishwa. Mabamba hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na lililokonda hukatwa na kuchomelewa jipya. Valvu zote za bahari hufunguliwa, hupigwa msasa na kukaguliwa. Nafasi kati ya shafti ya propela na beringi yake ya nyuma hupimwa na kulinganishwa na ya safari iliyopita, kadhalika usukani na vipini vyake. Vile vipande vya zinki vilivyochomelewa tumboni, ambavyo kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya chuma, huwa vimebaki kama sabuni iliyokwisha. Nilipokuwa mgeni nilifikiri zinki iliyolika ni dalili mbaya. Serahangi akanicheka, akasema ile ambayo haijalika ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu maana yake haikufanya kazi, na kitu kingine kimeliwa mahali pake.

Rangi inastahili maneno zaidi, maana ndiyo iliyonigombanisha na watu. Baada ya kuoshwa kwa maji ya nguvu na kupigwa chembe ngumu ili kutu yote itoke, chuma hubaki cheupe kikimeta, nacho kinatamani kushika kutu tena kuliko kitu chochote duniani. Rangi ya msingi inapaswa kupakwa haraka, lakini si juu ya unyevu. Kanuni tuliyofuata ni kwamba joto la bamba lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Anayeishi Mombasa anajua maana yake. Kuna asubuhi ambazo ukuta wa nyumba unatoa jasho, sembuse bamba la chuma ndani ya shimo lenye maji kando yake. Mwenye meli mmoja alilazimisha rangi ipakwe alfajiri ya siku kama hiyo kwa kuwa kila siku ya chelezo ilikuwa inamgharimu fedha nyingi. Nilimwonyesha kipimo, akanijibu kwamba rangi haijui kusoma kipimo. Meli ile ilirudi kabla ya wakati wake, tumbo likibambuka magamba makubwa kama ya samaki changu, naye akataka sisi ndio tulaumiwe. Bahati nzuri safari hii kipimo kilikuwa kimeandikwa, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yake.

Rangi ya juu kabisa ni ile yenye sumu ya kuzuia viumbe wasishike. Nilipoanza kazi bado zilitumika zenye mchanganyiko wa bati, zilizosifiwa sana kwa kudumu, nasi tulizikwangua vifua wazi. Huko Ufaransa katika ghuba ya Arcachon zilikuwa zimekwisha kuharibu chaza, magamba yao yakivimba na kupinda, na nchi ile ikazipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia nzima ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Ukihesabu, ni miaka 26 kati ya chaza wa Arcachon na mkataba huo, na miaka kumi ya mwisho mimi nilikuwa chini ya matumbo yale.

Kuhusu matangi nitasema machache. Tangi tupu lililofungwa kwa muda mrefu halina harufu, halina moshi, na linaweza kumuua mtu, kwa sababu kutu inapoundwa ukutani hula oksijeni ya mle ndani. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21. Nimewahi kuteremsha kipimo kwa uzi katika tangi ambalo halikuwahi kubeba chochote isipokuwa maji, kikasoma 14. Kijana aliyekuwa nami alikuwa ameshavua saa yake ili ateremke. Tulifungua kifuniko cha pili, tukapuliza hewa hadi kesho yake, tukapima juu, katikati na chini, ndipo akaingia.

Kuitoa meli ni kuiingiza kwa kinyume, na mtego wake ni mmoja: ile inayotoka si ile iliyoingia. Tani za chuma zimekatwa na nyingine kuchomelewa, minyororo ilikuwa sakafuni, matangi yaliyokuwa yamejaa yamefunguliwa vizibo vyake vya chini yakamwagika. Kila kizibo kinapotolewa hupewa kibandiko na kuwekwa kwenye sanduku linalotunzwa na mtu mmoja, na siku ya kurudishwa hurudishwa mbele ya mashahidi wawili. Uzito hurejeshwa ulipokuwa, au hesabu hufanywa upya, ili meli inyanyuke ikiwa wima kama ilivyoketi. Maji yanaporuhusiwa kuingia, husimamishwa yakishapita usawa wa valvu za chini wakati meli bado iko juu ya magogo, na wahandisi huzunguka na tochi kugusa kila valvu kwa kiganja. Kikiwapo hata kijimfereji kimoja, maji hutolewa tena, na wakala wa meli hushika kichwa.

Meli ile ya mwaka 2004 ilirudi mwaka 2007. Wakati huo mzee alikuwa amestaafu, na mchoro wa magogo niliupanga mimi. Mahali palipokaliwa na gogo hapapakwi rangi, kwa kuwa hapafikiki. Ndiyo maana safari inayofuata magogo yote husogezwa, ili yaliyofichwa mara ya kwanza yaonekane mara ya pili. Sakafu ilipokauka niliteremka peke yangu kwa ngazi za ukutani. Tumboni mwa meli kulikuwa na safu ndefu ya miraba ya rangi ya zamani, iliyofifia, imeota majani kuliko mahali pengine pote, mmoja baada ya mwingine kutoka omo hadi tezi. Niliifuata hadi ya mwisho nyuma kabisa. Katika mraba ule, chini ya majani, palikuwa na mkwaruzo wa shibiri moja hivi, umepinda kuelekea kushoto. Nilikwangua majani kwa chuma bapa, nikasugua kutu, nikasubiri kipimo cha umande, kisha nikamwomba kijana wa rangi kopo na brashi, nikapapaka mwenyewe.